Kusafiri na meli ya kitalii ukiwa kwenye kiti cha magurudumu: anza na futikamba

Nimezaliwa Mombasa upande wa Likoni, polio ikanikamata nikiwa na miaka miwili. Yeyote aliyekulia kule anakijua kile kiteremko cha feri, maji yakipwa kinakuwa mkali mpaka wenye miguu yao wanashuka wakijikaza, na mimi nilikuwa nabebwa tu, mtu anatoka nyuma ananishika kwapani haya twende, hajaniuliza jina wala hajaniuliza naumia wapi. Walikuwa watu wema, Mungu awalipe, lakini kubebwa bila kuulizwa kunachosha roho. Ndiyo maana kwenye meli za kitalii ninachopenda zaidi siyo chakula wala muziki, ni kule kuamka asubuhi nimefika nchi nyingine na hakuna mtu aliyeninyanyua. Nguo unapanga kabatini mara moja, basi, chumba kinasafiri na wewe. Sasa hivi naishi Houston, Marekani, nimeshasafiri mara nne kutoka bandari ya Galveston iliyo karibu, na watu wananiuliza sana naanzia wapi, kwa hiyo nawaandikia vile mimi hufanya.

Hatua ya 1: jipime

Hii fanya kabla hujaongea na kampuni yoyote. Kaa kwenye kiti vile unavyokaa siku zote, mikono juu ya rimu za kusukumia, mtu akupime na futikamba kutoka vifundo vya vidole vya mkono huu mpaka vya mkono wa pili, manake kiti peke yake kinaweza kupita mlangoni halafu vidole vyako vikachubuka kwenye fremu. Kiti changu ni sentimita 63, pamoja na mikono ni 71. Milango ya vyumba vya kawaida melini mara nyingi haifiki hata 60, ile ya vyumba vya watu wenye ulemavu huwa 80 na kitu, sasa umeona hakuna kubahatisha hapo. Pima pia kimo cha kitanda chako cha nyumbani kutoka sakafuni hadi juu ya godoro, na ujue uzito wa kiti, utaulizwa.

Hatua ya 2: chumba

Tafuta mapema, na nikisema mapema nazungumzia miezi kumi, hata mwaka. Meli inabeba maelfu ya watu lakini vyumba hivi ni vichache na vinawahiwa. Usibonyeze tu mtandaoni ukalipa, piga simu, kampuni kubwa zina watu maalum wa kuhudumia abiria wenye ulemavu, omba kuongea na hao. Na usiwaulize "kiti kitaingia?" Nani atakujibu hapana? Waulize namba.

Hili nimelilipia. Safari yangu ya kwanza ajenti aliniambia hamna shida dada, kila kitu kiko sawa. Nimefika, mlango wa chumba nimepita vizuri nikafurahi, nageukia bafuni nakuta kizingiti cha chuma, kimo cha vidole vinne. Siku tano nzima nilikuwa naacha kiti nje naingia bafuni kwa kujivuta kwenye sakafu ina maji maji, na dada yangu amesimama pale na taulo machozi yanamtoka. Tangu hapo nauliza hivi: mlango wa bafu una sentimita ngapi, kuna kizingiti au hakuna, pa kuogea naingia na kiti au kuna ukingo, kuna kiti cha kukunja cha kuogea, vyuma vya kushika chooni viko kulia au kushoto (mimi nguvu zangu ziko kulia), kitanda kina kimo gani, na kwenye balkoni kuna ngazi? Majibu naomba yaje kwa barua pepe, na picha kama ipo. Ya kwenye simu husahaulika.

Na usikubali kuongezewa bei kwa sababu ya ulemavu. Meli nyingi zinapeperusha bendera za Bahamas au Panama na zamani kampuni zilijitetea kwamba sheria ya Marekani ya 1990 ya watu wenye ulemavu haiwahusu, lakini mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba inawahusu wakiwa kwenye maji yake. Walio Ulaya nao wana kanuni yao ya 1177 ya mwaka 2010, huko msaada unatakiwa uombe angalau saa 48 kabla, ila mahitaji ya chumba yaseme siku ile ile unapokata tiketi.

Hatua ya 3: angalia meli inafunga wapi

Hapa wengi wanaumia, manake ramani ya safari inapendeza kweli lakini haikwambii meli itafunga gatini au itatia nanga mbali, halafu abiria wapelekwe nchi kavu kwa boti ndogo. George Town kule Grand Cayman, kisiwa cha Karibiani, ni boti, Belize City ni boti, Santorini ya Ugiriki ni boti. Kiti cha umeme mara nyingi hakipakiwi kabisa kwenye boti hizo, na cha mkono inategemea bahari imeamkaje. Mimi huchagua Cozumel na Costa Maya za Mexico na Roatán ya Honduras, huko unashuka gatini moja kwa moja. Progreso, nayo ya Mexico, pia ni gati lakini ni ndefu, zaidi ya kilomita sita kuingia baharini, watu wanapelekwa mjini na basi, kwa hiyo uliza kabisa kama lipo basi lenye lifti.

Hatua ya 4: mizigo

Dawa, mipira ya mkojo, mto wa kukalia, chaja, hivi vyote mkoba wa mkononi, usimpe hamali. Sanduku linaweza kufika chumbani jioni. Beba tyubu ya akiba, pampu na spana za kiti chako. Ile soketi ya nyaya nyingi yenye kinga ya umeme acha nyumbani, watakunyang'anya. Kama unatumia skuta ya umeme badala ya kiti, lazima ilale ndani ya chumba, koridoni hairuhusiwi kwa sababu ya moto, basi hakikisha inaingia.

Hatua ya 5: siku ya kupanda

Ukiomba kusukumwa watakusukuma kutoka ukumbi wa bandari hadi melini, siyo safari nzima. Ukishaingia, kabla hujaenda kula, nenda kituo chako cha dharura, pale mnapokusanyika meli ikipata hatari, uulize: lifti zikizimwa, mimi nashushwa na nani na kwa kitu gani? Wana viti maalum vya kushushia ngazini. Waambie wakushike wapi, wapi usishikwe, na waandike.

Hatua ya 6: kushuka bandarini

Daraja la kushukia linapanda na kushuka na maji, kama Likoni tu. Cozumel siku moja lilikuwa limeinama nikasita. Baharia mmoja akaja mbele yangu, akachuchumaa macho yetu yakawa sawa, akauliza, "Mama, unataka tukushikeje?" Nikamwambia nigeuze, nishuke kinyumenyume, wewe shika vishikio, mwenzako akae nyuma yako. Tukashuka taratibu. Nawe fanya hivyo hivyo, kinyumenyume, mkanda umefungwa.

Asubuhi ya mwisho watu wote wanashuka kwa pamoja, kwa hiyo jina lako liandikishe kwa kaunta ya wageni usiku wa kuamkia siku hiyo, ukingoja asubuhi utakuta wasukumaji wameisha.