Namna ya kuchagua friji ya mvinyo ya nyumbani

Wengi wanaoniita niwafungie friji ya mvinyo huwa wameshainunua, na dukani waliuliza jambo moja tu: inapoza kiasi gani? Lakini mvinyo hautaki baridi kali. Unataka nyuzi 12 au 13 za Selsiasi, usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi, bila kupanda na kushuka. Friji ya jikoni hukaa kwenye nyuzi 4 hivi, hewa yake ni kavu, na mlango wake haupumziki. Chupa ikikaa humo wiki moja haina neno. Ikikaa miezi mingi, kizibo hukauka na kusinyaa, hewa ikapenya. Basi unapochagua, tafuta friji inayoweza kushika joto lilelile.

Hatua ya 1: Pima joto la chumba

Weka kipimajoto mahali friji itakapokaa, ukisome wakati chumba kina joto kuliko saa nyingine zote, mara nyingi alasiri. Iandike namba hiyo. Utaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 2: Chagua aina ya mtambo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo usiharakishe.

Aina ya kwanza hutumia kompresa na gesi, kama friji ya kawaida. Ina nguvu, ila hunguruma na kutetemeka kidogo. Aina ya pili haina kompresa wala gesi. Ina kibamba kidogo ambacho umeme ukipita, upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto, kisha feni huutoa ule moto nje. Ni kimya sana, haitetemeki, na bei yake mara nyingi ni nafuu. Tatizo ni kwamba uwezo wake unategemea chumba: kwa kawaida hushusha joto nyuzi 10 hadi 15 tu chini ya lile la nje. Chumba kikiwa na nyuzi 32, ndani utapata 18 au 20, na mtambo utafanya kazi kutwa kucha bila kufika ulipoutuma. Usiku chumba kikipoa, na ndani hupoa; mchana joto hurudi. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakochosha mvinyo.

Kama namba uliyoandika inazidi 25, chukua ya kompresa. Kisha soma kibandiko cha kiwandani, utafute herufi za daraja la hali ya hewa: N ni kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST mpaka 38, T mpaka 43. Muuzaji asipoijua herufi hiyo, fungua mlango uitafute mwenyewe, au uisome kwenye kijitabu cha maelekezo.

Kuhusu mtetemo, omba friji iwashwe, subiri kompresa ianze kufanya kazi, kisha weka kiganja kwenye rafu ya chini kabisa. Ukihisi mkono unawasha kwa mtetemo, iache.

Hatua ya 3: Hesabu chupa zako

Idadi inayoandikwa kwenye boksi hupigwa kwa chupa nyembamba za mililita 750, zile za umbo la Bordeaux. Chupa za Burgundy ni pana, za shampeni ni pana zaidi. Ukichanganya, friji ya chupa 40 inaweza kuishia kwenye 30. Nenda dukani na chupa tupu iliyo pana kuliko zako zote, uilaze kwenye rafu, kisha uvute rafu ya juu yake. Ikikwaruza kibandiko cha chupa, rafu zimebanana mno.

Uzito pia. Chupa iliyojaa ina kilo 1.2 au zaidi, kwa hiyo chupa 40 ni karibu kilo 50 kabla hujahesabu friji yenyewe. Kabati jepesi halitafaa.

Hatua ya 4: Sehemu moja au mbili?

Friji zenye sehemu mbili za joto zinavutia, lakini kwa kuhifadhi, mwekundu na mweupe hukaa vizuri kwenye joto moja. Sehemu mbili zina maana kama unataka kumimina moja kwa moja kutoka humo: mweupe kwenye nyuzi 8 hadi 10, mwekundu 15 hadi 18. Mimi hushauri sehemu moja, halafu mweupe uuhamishie friji ya jikoni muda mfupi kabla ya kunywa.

Hatua ya 5: Mlango na hewa

Mwanga huharibu mvinyo, kwa hiyo kioo kiwe cha tabaka mbili na chenye rangi ya kuzuia jua. Bana karatasi mlangoni, uivute. Ikichomoka kirahisi, raba haishiki.

Kisha angalia friji inatolea wapi joto lake. Kama matundu yako mbele, chini, unaweza kuipachika ndani ya kabati. Kama yako nyuma, iache wazi na uipe nafasi ya sentimita 10 kutoka ukutani. Ukiifungia, itajichemsha yenyewe.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla ya kuijaza

Kama ilisafirishwa ikiwa imelazwa, isimamishe siku nzima ndipo uiwashe. Iweke kwenye nyuzi 12. Tumbukiza kipimajoto kwenye glasi ya maji, uiweke rafu ya katikati, usome baada ya saa 24. Natumia maji kwa sababu hewa hubadilika kila kompresa inapowaka, lakini maji hubadilika polepole kama mvinyo ulio kwenye chupa. Rudia juu na chini. Tofauti ya nyuzi 2 ni ya kawaida. Ikifika 5, irudishe dukani.

Ikifaulu, ingiza chupa chache chache kwa siku mbili tatu. Zenye vizibo vya gome zilaze ili mvinyo uguse kizibo. Za vifuniko vya kuzungusha zikae utakavyo. Boksi na risiti visitupwe mpaka jaribio liishe.