SOMO: Kupanga kipindi cha jazi redioni bila kukata solo ya besi

Wakuu, swali la "mbona wimbo wa jazi unakatika kabla haujaisha" limeulizwa hapa mpaka limechosha. Naandika jibu mara moja, lote, ili atakayeuliza tena aletwe hapa. Hesabu ni za kipindi cha saa moja.

1. Saa ya kipindi. Dakika 60, toa habari 5, matangazo 4, maneno yako 6. Zinabaki 45. Kibao kimoja kikadirie dakika 6: vibao 7 na dakika 3 za akiba. Usipange 12.

2. Urefu. Tazama faili lenyewe, si jalada. Take Five ya bendi ya Dave Brubeck, ile ya albamu, inapita dakika 5, ile iliyofupishwa kwa ajili ya singo haifiki 3.

3. Alama ya mwisho wa wimbo. Hapa ndipo wengi tunaharibu, mimi nikiwemo, kwa hiyo soma polepole.

Programu inayorusha muziki haijui kwamba wimbo umeisha. Inachofanya ni kulikagua faili kuanzia mkiani kurudi nyuma, na pale inapokuta sauti imevuka kiwango ilichowekewa, inabandika alama: leta kinachofuata. Muziki wa pop sauti yake imebanwa juu mwanzo hadi mwisho, hivyo ujanja huo unafaa. Jazi hupenda kuishia chini. Piano imenyamaza, mpiga dramu yuko na brashi, besi inatembea peke yake, halafu toazi moja linapigwa na kuachwa life lenyewe. Kwa kompyuta yote hayo ni ukimya. Kiwango kikiwa −20 dB (desibeli, kipimo cha sauti: namba hasi ikizidi, sauti iko chini zaidi), jingo la kituo, yaani kile kiwimbo kifupi cha kukitambulisha, linaingia wakati besi bado ina sentensi mbili za kusema. Cha kufanya: shusha kiwango hadi −45 kwa folda ya jazi peke yake, kisha sikiliza sekunde 40 za mwisho za kila kibao na uisogeze alama kwa mkono. Kwa vibao 7 ni kazi ya dakika kumi.

Tahadhari za hatua hii:

Kichwa nacho hukatwa. So What ya Miles Davis inaanza na piano na besi kwa sauti ya chini sana, karibu nusu dakika, kabla besi haijaanza kuuliza na wenzake kuitikia. Ukiruhusu programu "isafishe" mwanzo, utangulizi huo unaliwa.

Miisho ya uongo. April in Paris ya Count Basie inaisha, mwenyewe anaagiza mara moja zaidi, inaisha tena, anaagiza tena. Mtangazaji asiyeijua anafungua maikrofoni kwenye mwisho wa kwanza na kufunikwa na tarumbeta zote kwa mpigo. Andika kwenye karatasi yako: MWISHO WA TATU.

Na kubwa kuliko zote, kitambua ukimya cha kituo. Hiki ni kifaa kingine kabisa, kiko upande wa mtambo wa kurushia matangazo, wala hakijali alama zako. Kikikosa sauti kwa sekunde kadhaa kinaamini studio imekufa na kuwasha muziki wa dharura. Kikiwekwa sekunde 10 kwa −35 dB, solo ya besi katikati ya kibao inatosha kukiamsha, na wewe studioni hutajua, kwa sababu spika zako zinasikiliza meza ya kuchanganyia sauti, hazisikilizi kinachotoka hewani. Kaa na fundi mitambo, mkubaliane sekunde 30 na −50, kisha mjaribu kwa kibao chako cha chini kuliko vyote huku redio ya kawaida ikiwa wazi pembeni. Usikiguse mwenyewe. Na usikizime, siku ambayo kompyuta itaganda kweli utakihitaji.

4. Ulinganifu wa sauti. Linganisha kwa LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya kibao kizima kama sikio linavyoisikia), si kwa kilele. Pigo moja la dramu linaweza kufika kileleni wakati kibao kizima kiko chini, ukilinganisha kwa kilele kibao hicho kitasikika kama kinapigwa chumba cha pili. Kiwango cha EBU R128, mwongozo wa umoja wa watangazaji wa Ulaya, ni −23. Kituo chako kikitumia kingine, fuata hicho, mradi folda nzima iwe sawa.

5. Kompresa ya mtambo, yaani kifaa kinachopandisha sauti za chini na kuzibana za juu. Omba mpangilio wa pili, mpole, kwa saa yako. Ule wa kawaida ukikuta pengo unapandisha kila kitu: pumzi za mpiga saksofoni, mkwaruzo wa santuri, kiti kinacholia. Kisha solo ikirudi unaikandamiza, na muziki mzima unaonekana kuhema.

6. Mono. Bonyeza kitufe cha mono, usikilize. Santuri za zamani zilizogeuzwa stereo ya bandia huweza kupoteza ala nzima.

7. Mpangilio. Usifuatanishe vibao vitatu vya saksofoni ya aina ya tenor vyenye mwendo mmoja, hata wapigaji wakiwa wakubwa. Rekodi ya zamani, kama West End Blues ya Louis Armstrong ya 1928, iweke baada ya maneno yako, isifuate kibao cha jana. Sikio likitoka kwenye sauti ya mtu linausamehe mkwaruzo; likitoka kwenye rekodi safi linadhani redio imeharibika. Sauti ya mwimbaji iingie walau kila kibao cha tatu.

8. Maneno. Taja wapigaji baada ya kibao, na hakiki kibao kwa kibao, si albamu kwa albamu. Kwenye Kind of Blue, albamu ya Miles Davis yenye So What, piano ni ya Bill Evans, isipokuwa Freddie Freeloader, ambako ni Wynton Kelly. Msikilizaji wa jazi atakupigia simu kabla hujafunga maikrofoni.

9. Fomu ya hakimiliki. Jaza mtunzi, siyo mwenye bendi. Take Five ni ya Paul Desmond, si Brubeck. Take the A Train ni ya Billy Strayhorn, si Ellington.

---

MAONI NA MASWALI

Fada_Juu: Mkuu, mbona nyimbo zangu zinakatika mwishoni?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Fada_Juu: Nimeisoma juu juu. Hakuna njia fupi?

Mwandishi: Hiyo ndiyo fupi. Ndefu ni kupokea simu za wasikilizaji.

Mzee wa Meza: −23 ni chini mno. Vituo vingine vinanguruma, sisi tutaonekana tumelala.

Mwandishi: Nimeandika ufuate kiwango cha kituo chako. Na sauti ya hewani inapandishwa na mtambo, haipandishwi na faili. Ukipandisha faili na mtambo nao ukapandisha, unapata kule kuhema kwa hatua ya 5.

besi_nne: Asante kwa somo. Nataka kurusha A Love Supreme ya John Coltrane nzima, karibu dakika 33. Niikate vipi?

Mwandishi: Swali zuri. Kwanza, usiikate ovyo. Ni sehemu nne, na santuri yenyewe ilishakupa mahali pa kupumua: mbili za kwanza upande A, mbili za mwisho upande B. Tangazo likiwa la lazima, liweke hapo tu. Upande B usiguse: Pursuance inafunguliwa na dramu za Elvin Jones peke yake, inafungwa na besi ya Jimmy Garrison peke yake, na besi hiyo ndiyo mlango wa kuingilia Psalm. Ukiwa na mafaili manne tofauti, programu itapachika pengo au itapandisha kimoja juu ya kingine palepale. Yaunganishe Pursuance na Psalm kuwa faili moja kabla ya kipindi. Na mwambie fundi mitambo mapema, solo hiyo ya Garrison ni ndefu na iko chini, kitambua ukimya kinaipenda sana.

besi_nne: Na saa ya kipindi?

Mwandishi: 45 toa 33, zinabaki 12: vibao viwili vya kabla. Baada yake usiweke kitu, sema majina manne ya wapigaji na ufunge.

kinanda cheusi: Nikipiga piano pamoja na So What, nakala yangu iko juu kidogo. Piano yangu imepimwa. Ni masikio?

Mwandishi: Masikio yako mazima. Kikao cha kwanza cha kurekodi Kind of Blue, Machi 1959, mashine ya tepu ilikuwa inakwenda polepole kuliko ilivyotakiwa. Tepu ikichezwa kwa mwendo sahihi, muziki unakimbia na kupanda. Vibao vitatu vya upande A vimeathirika, upande B uko sawa kwa sababu ni kikao kingine, cha Aprili. Kosa lilisahihishwa kwenye toleo la 1992. Tafuta nakala ya kuanzia hapo, na ukibadilisha faili upange alama upya, maana iliyosahihishwa ni ndefu zaidi na alama za zamani zitakukata.

Kapu la Santuri: Nimetafuta "jazz" kwenye maktaba ya kituo, nimepata OK Jazz na Morogoro Jazz. Nizitumie?

Mwandishi: Jina la bendi si aina ya muziki. Ya Franco ni rumba, ya Morogoro ni dansi. Muziki mkubwa, lakini uweke kwenye kipindi chake. Kompyuta inatafuta herufi tu, kwa hiyo tengeneza folda yako kwa mkono.

Kapu la Santuri: Basi nami nichangie. Kibao cha mwisho kabla ya habari msikisubiri zamu yake. Hesabuni kinyume: Giant Steps ikiwa 4:43, ianzeni 55:17 fada (kitelezi cha sauti mezani) ikiwa chini, endeleeni kuongea, mkimaliza mpandishe. Itaishia kwenye mlio wa saa.

Mwandishi: Nimeipenda. Iwe ala tupu, kama hiyo. Mwimbaji akipandishwa katikati ya neno inasikika vibaya.

Fada_Juu: Mkuu, hiyo −45 inawekwa wapi?

Mwandishi: Kwenye mipangilio ya folda, si ya kituo kizima. Ukiiweka kituo kizima, vipindi vya wenzako vitaachwa na mapengo ya sekunde mbili kila wimbo, na watajua ni nani.