Somo: Kadi ya hongera ya harusi kwa rojo la chaki na mhuri wa korosho

Wapendwa, somo hili niliahidi kitambo na wengi mmenikumbusha, basi leo tukae nalo mpaka liishe. Tunatengeneza kadi ya hongera ya harusi, ile unayoibandika juu ya zawadi au kumkabidhi bibi harusi mkononi. Si kadi ya mchango wala ya mwaliko. Hizo zinachapwa kwa mamia, na kazi hii ya mkono haizifai.

Juu ya karatasi moja tutaweka rangi, rojo linaloinuka ukilipapasa, na mhuri. Kosa ninaloliona kwa wengi wanaoanza ni moja: rojo limepakwa kila mahali, kisha mhuri unagongwa juu ya vilima, nusu ya picha inatoka na nusu inapotea. Mhuri unataka mahali tambarare. Kabla hujafungua rangi, amua rojo litakaa wapi na mhuri utakaa wapi.

Mpangilio huu nimeutoa kwenye khanga. Khanga ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina. Pindo linabeba nakshi nzito, mji unapata nafasi ya kupumua, na jina linasomeka bila kugombana na kitu. Nami naipanga kadi hivyo hivyo: rojo ndilo pindo, mhuri unakaa mjini, maneno yanakaa chini pale jina la khanga linapokaa. Rangi ni za kisutu, yaani nyeupe, nyeusi na nyekundu, kwa kuwa kisutu ndiyo khanga ya bibi harusi na mama yeyote wa pwani ataitambua kabla hajasoma neno. Ukiwa Kariakoo, pita Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya khanga utazame mapindo tu, usiharakishe. Utarudi na michoro ya mwaka mzima.

Vifaa

Karatasi ngumu ya A4 ya gramu 250 hadi 300. Manila ya chati za shule ni nyembamba, ikinywa maji inajikunja, ingawa kwa kujaribia inatosha. Gundi nyeupe ya maji, ile ya mafundi seremala. Chaki nyeupe za ubaoni. Rangi ya maji nyeupe ya ukutani, kiasi kidogo tu. Fundi rangi wa mtaani kwako atakugawia iliyobaki kwenye ndoo. Rangi za akriliki nyekundu na nyeusi. Ufutio mkubwa mweupe, wembe mpya, penseli, rula, peni iliyokwisha wino, kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kadi ya benki iliyokwisha muda wake, na mfuko wa wavu unaouziwa vitunguu saumu. Bahasha za C6.

Hatua ya 1: Kukata na kukunja

Kata A4 katikati upate vipande viwili vya sentimita 21 kwa 14.8. Kila kipande ni kadi moja. Pima katikati ya ule upande mrefu, weka rula, kisha pitisha peni isiyo na wino kwa kukandamiza. Hapo ndipo pa kukunja. Ukikunja bila mstari huo karatasi nene inapasuka nyuzi mgongoni na kadi inaonekana chakavu siku ya kwanza. Ikikunjwa inakuwa sentimita 14.8 kwa 10.5 na inaingia kwenye bahasha ya C6 bila kulazimisha.

Sasa kata kipande kingine cha sentimita 13.8 kwa 9.5. Kazi yote ya rangi na rojo tutaifanya juu ya hiki, kisha tukibandike juu ya kadi. Kadi yenyewe haiguswi na maji, na ukiharibu umepoteza kipande tu.

Hatua ya 2: Rojo

Tia chaki kwenye mfuko wa nailoni, ufunge, uziviringishie chupa mpaka ziwe unga. Chekecha kwa kitambaa chepesi, na ufunge pua, vumbi lile si zuri kifuani. Chukua vijiko vitatu vya unga wa chaki, viwili vya gundi nyeupe na kimoja cha rangi nyeupe. Koroga taratibu mpaka liwe kama uji wa mgonjwa ulioachwa ukapoa: ukiinua kijiko linaning'inia kidogo ndipo linadondoka. Likiwa jepesi ongeza chaki. Likiwa zito ongeza gundi, usiongeze maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoleta nyufa likikauka.

Wapo wanaotumia unga wa jipsam wa mafundi dari. Mimi siupendi kwa kadi. Unaganda kikombeni ndani ya dakika chache hata hujamaliza kupaka, na ukikauka ni mkavu kama kigae, karatasi ikipinda kidogo unabanduka. Rojo la chaki na gundi linabaki na ulaini.

Hatua ya 3: Kutengeneza pindo

Kwa penseli hafifu chora mstari sentimita 2 kutoka kila ukingo. Ndani ya mstari ni mji, usiuguse. Bandika karatasi chakavu juu ya mji kwa gundi kidogo sana ya kubandukia, au ishikilie kwa vidole.

Tandaza wavu wa vitunguu saumu juu ya pindo, uuvute usiwe na mikunjo. Chota rojo kwa ncha ya kadi ya benki, ilaze kadi kidogo, uvute mara moja kama fundi anayepiga plasta. Unene usizidi milimita moja. Kisha inua wavu kutoka kona moja, juu, bila kuuburuta. Chini yake utakuta vijumba vimesimama safu kwa safu, vimekaa kama magamba ya changu, na kila kimoja kina ukingo mdogo pale uzi ulipokuwa. Vingine vitakuwa vimejaa na vingine nusu. Usirudie kupaka ili vilingane. Rangi ikija kupita juu yake, kutolingana huko ndiko kunakoshika mwanga.

Wavu utie majini papo hapo. Rojo likikaukia kwenye uzi, wavu umekwisha.

Hatua ya 4: Kukausha

Hapa ndipo Dar inapotujaribu. Januari, pindo linakauka kwa saa mbili hivi. Masika, kati ya Machi na Mei, lipe usiku mzima hata kama juu linaonekana kavu. Kausha kivulini kwenye hewa au mbele ya feni. Jua kali linakausha ngozi ya juu wakati chini bado pana maji, na hapo nyufa zinaanza.

Mwezi wa Aprili mwaka mmoja nilikuwa na kadi kumi na mbili za oda. Nilizigusa kwa kidole, nikaona zimekauka, nikazipanga moja juu ya nyingine nikalala. Asubuhi zilikuwa zimeshikana. Nilipozitenganisha, pindo la moja lilibaki mgongoni mwa nyingine. Nilizirudia zote kumi na mbili siku hiyo hiyo kwa feni ya kuazima. Tangu hapo sipimi kwa kidole, napima kwa shavu: weka mgongo wa karatasi shavuni, ukihisi ubaridi, maji bado yamo.

Hatua ya 5: Rangi ya pindo

Chovya sponji kwenye akriliki nyekundu, kisha ipunguze kwenye karatasi mpaka ibaki karibu kavu. Pitisha juu ya pindo kwa mkono mwepesi, kama unayefuta vumbi. Nyekundu itashika vichwa vya vile vijumba tu na mabonde yatabaki meupe. Likikauka, chora mstari mweusi mwembamba kati ya pindo na mji. Mstari huo unaikusanya kazi yote, usiuache.

Hatua ya 6: Mhuri wa korosho

Korosho ni nakshi ya zamani kwenye khanga na ni rahisi kuchonga kwa sababu haina pembe kali. Ichore kwa penseli laini kwenye karatasi, ilaze juu ya ufutio uso chini, usugue mgongo wake kwa ukucha. Mchoro utahamia kwenye ufutio. Kwa wembe kata kuzunguka mstari ukiulaza wembe uelekee nje, usikate kuelekea chini ya mchoro, maana ukingo utakosa kitako na utavunjika ukigonga. Ondoa kilicho nje kwa kina cha milimita tatu. Ndani ya korosho toboa vidoto vichache kwa ncha ya peni.

Kwa kupaka usichovye mhuri kwenye rangi. Gusagusa akriliki nyeusi kwa sponji juu ya uso wa mhuri, kidogo kidogo, mpaka ung'ae bila kulowa. Weka daftari jembamba chini ya karatasi ili mhuri upate pa kubonyea, ugonge kwa kushuka wima, hesabu hadi tatu, inua wima. Usiutikise. Jaribu kwanza kwenye karatasi chakavu mara mbili tatu. Korosho mbili zinazotazamana katikati ya mji zinatosha, ya tatu itaanza kuzisonga. Osha mhuri mara moja, akriliki ikikaukia kwenye vile vidoto haitoki.

Maneno andika kwa kalamu nyeusi isiyofutika, herufi kubwa kama za khanga, mstari mmoja: HONGERENI WANETU, au lolote linalotoka moyoni. Kisha bandika kipande juu ya kadi kwa gundi nyeupe iliyopakwa nyembamba mpaka kingoni, uweke karatasi ya kuokea juu, halafu kitabu kizito, mpaka kesho.

Maswali ya wanachama

Tabata: Dada, kipande changu kimejipinda kama kigae baada ya rojo kukauka. Nimekitupa, nilikosea wapi?

Pole dada yangu, hukupaswa kukitupa. Upande mmoja umekunywa maji na mwingine haukunywa, basi ule wa rojo ukikauka unavuta. Kigeuze, pitisha kitambaa kibichi mgongoni mara moja, kilaze chini ya kitabu kwa saa kadhaa. Kitanyooka.

Mbagala: Gundi nyeupe imepanda bei. Je, gundi ya kupika ya unga wa ngano haifai?

Kubandikia kipande juu ya kadi inafaa, ila ipike iive vizuri na uitumie siku hiyo hiyo. Kwenye rojo usitie. Unyevu wa kwetu utaleta ukungu, na mende wanaifuata hata ndani ya kabati. Wengine hutia mafuta ya karafuu matone machache kuzuia ukungu, nayo inasaidia kwa muda, lakini kadi ya harusi inawekwa miaka.

Temeke: Kaka yangu anachora Tingatinga na ana makopo ya rangi ya mafuta. Naweza kutumia hizo?

Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alitumia rangi zinazopakwa baiskeli, na zilimkubali kwa sababu alichora juu ya ubao mgumu. Karatasi ni kitu kingine. Mafuta yatatambaa pembeni ya mchoro na kuacha duara la manjano, na harufu itakaa ndani ya bahasha. Chukua kwa kaka yako kitu kilicho bora zaidi: ule mkono wa kuweka vidoto safu kwa safu. Mwombe akuwekee vidoto vyeupe kwa akriliki juu ya korosho nyeusi, utaniambia.

Kigamboni: Huku mchanga ni bure. Nikichanganya kwenye rojo badala ya chaki?

Mchanga laini unaleta mkwaruzo mzuri sana, ila usitoe chaki yote. Badilisha kijiko kimoja kati ya vitatu. Na mchanga wa baharini uoshe kwa maji baridi mara nne au tano, uanike, uchekeche. Chumvi iliyobaki inavuta unyevu na pindo litakuwa linatoa jasho kila masika. Ukimaliza, lipake gundi iliyoongezwa maji kidogo juu ili chembe zisidondoke.

Sinza: Nimechonga jina la bibi harusi kwenye ufutio, likatoka kinyume.

Ulichora moja kwa moja juu ya ufutio, sivyo? Mhuri unageuza kila kitu. Andika jina likisomeka vizuri kwenye karatasi, kisha uhamishe kwa kusugua kama tulivyofanya kwenye korosho. Kwenye ufutio litaonekana kinyume, na hapo ndipo ujue limekaa sawa. Lakini kwa jina refu nakushauri kalamu. Herufi kama S na R zinachosha wembe.

Ilala: Pedi ya wino wa ofisini haitoshi? Akriliki inanisumbua kuosha.

Inagonga vizuri, shida inakuja baadaye. Nyingi zina wino wa maji, kidole chenye jasho kikipita tu unaenea. Kama ni lazima, gonga mwisho kabisa, usipake chochote juu yake.

Ukonga: Dada, nataka kumtumia shemeji yangu kadi hii Mwanza kwa basi. Pindo halitasagika?

Litafika salama ukilifunga hivi. Acha kadi ikauke siku tatu. Pakaza poda ya mtoto kidogo sana juu ya pindo kwa brashi kavu uondoe ule unato, kisha ufunike kwa karatasi ya kuokea. Usitumie gazeti, wino wake unahamia kwenye nyeupe. Kata vipande viwili vya boksi vilivyo kubwa kuliko bahasha, uiweke katikati, ufunge kwa gundi ya karatasi pande zote nne. Na mwambie shemeji aifungue kivulini, asiiache kwenye dashibodi ya gari, maana kwenye joto lile akriliki inalainika tena.