Kadi ya zawadi isinunue nyota tano

Wenye saluni, migahawa na maduka, kabla hujamwahidi mteja kadi ya zawadi ili aandike maoni, angalia anaandika wapi. Google hairuhusu maoni yanayotolewa kwa malipo, punguzo au kitu cha bure, hata kama mteja kasema kweli tupu. Huko omba bila zawadi: akishalipa, mwonyeshe pale kaunta msimbo wa QR unaofungua ukurasa wako wa maoni, umwombe kwa adabu. Na usiwachague waliofurahi tu, hilo nalo limekatazwa.

Kadi zako zipeleke kwenye dodoso lako la WhatsApp au tovuti yako. Ujumbe uwe wazi: "Asante kwa kuja. Tuambie ukweli, zuri au baya. Kila atakayejibu atapata vocha ya shilingi 5,000." Aliyelalamikia foleni apate sawasawa na aliyesifu, tena siku hiyohiyo. Kusema kweli, huyo wa foleni ndiye anayekufaa zaidi. Ukiyachapisha maoni hayo, taja palepale kwamba mwandishi alipewa vocha. Marekani, tangu Oktoba 2024, kutoa zawadi kwa sharti la kusifiwa ni kuvunja kanuni za serikali.