Mgeni wako yuko Dar Jumamosi moja tu: mpangilio wangu kuanzia supu hadi dansi

Binamu yangu na mkewe walikuja juzi kutoka Mbeya, na simu ya shemeji ilikuwa imejaa picha alizohifadhi mtandaoni: hoteli ya ufukweni Mbezi Beach, duka la aiskrimu Masaki, mkahawa wa juu ya ghorofa Posta, kisha Kigamboni, vyote siku moja. Kwenye ramani inawezekana. Ila barabarani utakula chakula kimoja, na vingine utavitazama kupitia dirisha la gari la Bolt mkiwa mmekwama makutano ya Morocco. Dar haipangwi kwa kilomita, inapangwa kwa saa: mtaa fulani ni wa asubuhi, mwingine ni wa jioni, na ukiigeuza umepoteza siku. Mpangilio huu nimeutumia kwa ndugu na marafiki wengi, na safari hii nimeamua kuuandika ili nisiwe narudia kwenye simu.

Hatua ya 1: Maswali kabla hajafunga begi

Anashukia wapi? Akija na treni ya SGR anashuka katikati ya mji. Akija na basi la mkoani, anashukia stendi ya Magufuli kule Mbezi, na hapo bado ana safari nyingine mpaka kwako. Aje Ijumaa, alale, aamke na nguvu.

Anakula samaki mwenye miiba? Anakula kitimoto? Uliza mapema na uulize faragha, maana mtu akiwa na mkwe wake pembeni hatakujibu ukweli.

Na Jumamosi hiyo kuna mechi ya Simba na Yanga? Kama ipo Kwa Mkapa, sahau kila kitu nilichoandika hapa chini. Nunueni tiketi mapema, vaeni rangi zenu, na siku nzima iwe hiyo. Timu zinazogombana tangu miaka ya 1930 hazihitaji nyongeza ya burudani, na barabara zote za Temeke na Chang'ombe hazitakuruhusu kwenda kwingine hata ukitaka.

Hatua ya 2: Supu, saa moja asubuhi

Supu ya karibu na unapokaa, chapati mbili, ndimu na pilipili. Usimvushe mtu mji mzima kwa sababu ya supu. Asile sana.

Hatua ya 3: Feri, na hapa ndipo penye kazi

Namaanisha soko la samaki la Magogoni, pale pantoni linapotia nanga. Wenyeji wengi wanapita nje yake kila siku na hawajawahi kula ndani. Wageni nao wanapelekwa kwenye hoteli zenye mandhari ya bahari, wanaletewa samaki aliyekaa kwenye friza tangu Jumatano, kwa bei ya samaki watatu. Mimi nasema mgeni ale samaki aliyemchagua mwenyewe akiwa bado ana macho ya kumtazama. Lakini Feri ina utaratibu wake, na usipoujua unaweza kuzunguka pale saa tatu nzima ukatoka na pweza mgumu na shati lenye maji ya barafu.

Kwanza, angalia mwezi. Sitanii. Wavuvi wa dagaa na vibua wanavua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, samaki hawakusanyiki. Siku za mbalamwezi mzigo unapungua na bei inapanda. Vilevile kusi likivuma kwa nguvu, hasa Juni na Julai, mashua ndogo nyingi hazitoki. Msimu wa kaskazi bahari inatulia na meza zinajaa. Haimaanishi usiende Julai. Maana yake usishangae changu wa leo akiuzwa kwa bei ambayo mwezi wa kwanza ungepata wawili.

Pili, muda. Mnada unaanza alfajiri na ni wa wanaonunua kwa jumla: wachuuzi, wenye hoteli, na mama karanga wanaokaanga na kuuza mitaani. Dalali anaita bei kwa kasi, mzigo umelala mezani, na aliyepunga mkono kachukua. Kusimama na kutazama ruhusa, ila usikunekune kichwa hovyo. Wewe nenda kati ya saa mbili na saa tatu na nusu, mnada umepoa na wachuuzi wamekwisha panga walichonunua. Baada ya saa tano jua limeshafanya kazi yake.

Tatu, mavazi na pesa. Sakafu ina maji muda wote, kwa hiyo vaeni kandambili au viatu vya plastiki. Beba ndoo ndogo yenye mfuniko. Mfuko unatoboka kwa mapezi. Pesa ziwe noti ndogondogo, maana utalipa watu wanne tofauti na hakuna hata mmoja atakayekuwa na chenji. Simu mfukoni, na kabla ya kupiga picha omba. Wale wako kazini.

Nne, kijana wa kwanza atakayekufuata langoni akisema "bosi, njoo nikuoneshe samaki" mshukuru na uendelee. Yeye hana samaki. Ana kamisheni. Zunguka meza zote mara moja bila kununua, huku ukisalimia. Salamu pale ina thamani kuliko ujuzi wa kupatana bei.

Tano, kuchagua. Jicho liwe limetuna na linang'aa. Likiwa limezama na lina ukungu, pita. Fungua shavu: ndani kuwe kwekundu, kusiwe na rangi ya udongo. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi. Halafu nusa. Samaki mpya ananuka bahari, na kama ananuka samaki ujue amechelewa.

Aina gani? Kwa kukaanga mimi ni mtu wa changu, na sibishani. Nyama imeshikana, ngozi inakauka vizuri, miiba mikubwa inayoonekana. Tasi ni mtamu lakini ana miiba midogo ya hila, usimpe mtu wa bara mara ya kwanza. Pono ni laini mno, anasambaratika kwenye mafuta. Anayeogopa miiba mpe vipande vya nguru. Kolekole mwache kwa siku ya kuchoma au ya nazi, nyumbani. Mgeni wa Mwanza atakwambia hakuna anayemfikia sato. Mwitikie tu na umwongeze kipande.

Sasa tahadhari moja ambayo naomba usiiruke. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani, nyama yao hujijengea kemikali inayomfanya mtu awashwe, awe mwekundu usoni, kichwa kigonge na moyo uende mbio. Watu wanadhani ni "aleji ya samaki". Kukaanga hakuiondoi, hata mafuta yachemke vipi, na huwezi kuiona kwa macho. Kinga ni barafu tangu samaki alipovuliwa. Kwa hiyo samaki wa jamii hiyo mnunue tu pale unapoona amefukiwa kwenye barafu, tena mapema. Aliyelala mezani mkavu saa nne asubuhi, hata akupunguzie nusu ya bei, mwache. Changu na wenzake wa miambani hawana tabia hiyo, na hiyo ni sababu yangu ya pili ya kuwapenda.

Bei sitaandika, kwa sababu ya leo si ya kesho. Ila wengi wanauza kwa mkono na jicho bila mizani, mmoja mmoja au kwa fungu. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Dada, habari za asubuhi. Huyu changu unamwachaje?"

"Kaka yangu huyo ndo ametoka majini sasa hivi."

"Namwona. Nikichukua watatu je?"

Hapo ndipo bei ya kweli inapoanza. Chagua watatu wa ukubwa unaolingana, wataiva pamoja.

Sita, kupaa. Wapo vijana na akina mama wanaokwangua magamba na kutoa utumbo kwa malipo kidogo. Patana kabla hajashika kisu. Simama hapohapo mpaka amalize. Sisemi ni wezi, nasema meza ina samaki ishirini wanaofanana na wateja sita wanaopiga kelele. Mwambie achanje mbavu mistari mitatu kila upande ili chumvi na ndimu viingie. Umesahau ndimu? Zinauzwa palepale.

Saba, kukaanga. Upande wa wakaangaji utaujua kwa moshi. Makarai makubwa, moto wa kuni, joto la kutosha kukuivisha na wewe. Angalia mafuta kabla ya kukabidhi samaki: yakiwa meusi na yanatoa moshi wa kukereketa koo, yamekaanga watu wengi kabla yako. Nenda karai la pili. Mimi hufika na chupa yangu ya mafuta mapya na kumwomba mkaangaji aanze nayo kwenye karai safi, kisha namwachia yaliyobaki. Wengine wanakubali kwa furaha, wengine wanaona unawadharau, kwa hiyo omba kwa adabu: "Mama, shikamoo. Naomba unisaidie, nina mgeni." Mtaje mgeni. Neno hilo linafungua milango mingi mji huu. Omba wakauke. Samaki wa Feri akitoka mapema anakuwa wa rangi ya dhahabu na ndani bado ana damu kwenye uti.

Ugali, kachumbari na pilipili utapata kwa mama lishe wa jirani. Mnakaa kwenye benchi, mnanawa, mnakula kwa mkono. Bia si mahali pake. Na kama ni mwezi wa Ramadhani, hatua hii yote igeuze: nunueni asubuhi, pikieni nyumbani, mle magharibi.

Hatua ya 4: Mchana

Pantoni liko hapohapo. Vukeni kwa miguu kwenda Kigamboni, mpate upepo, mle dafu, mrudi. Msichukue gari kwenye pantoni Jumamosi, foleni yake itawala mchana mzima.

Mgeni asiyependa maji mpeleke Makumbusho ya Kijiji pale Kijitonyama, akaone nyumba za makabila mbalimbali zilivyojengwa. Ni karibu na vinyago vya Mwenge. Akitaka kwenda maduka makubwa ya viyoyozi, mwache aende peke yake.

Hatua ya 5: Jioni, ufukwe wa Coco

Fikeni saa kumi na moja. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili, mishkaki, mtoto anakimbia mchangani, basi. Kuogelea kuna miamba, na maji yakipwa yanaumiza miguu.

Ila rekebisha jambo moja kabla mgeni hajaweka kamera tayari: Coco inatazama mashariki. Jua halizami pale, linazama nyuma yako, juu ya nyumba za Oysterbay. Anayetaka picha ya jua likizama majini avuke rasi aende Slipway, upande wa ghuba ya Msasani. Huko soda ni ya bei ya chakula, kwa hiyo piga picha, kunywa moja, ondoka.

Hatua ya 6: Usiku, chagua kimoja

Usijaribu viwili.

Cha kwanza ni kuku wa mkaa mjini. Mitaa ya Kisutu na Libya mchana ni ya ofisi na maduka, na giza likiingia majiko yanatoka nje barabarani. Mamboz, kwenye kona ya Libya na Morogoro, ndiyo inayojulikana zaidi. Ukikuta watu wamejaa, usisubiri saa nzima kwa ajili ya jina, tembea mtaa mmoja mbele. Kuna mkate wa naan, mishkaki, juisi ya miwa. Familia yenye watoto iende huku.

Cha pili ni dansi, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mgeni anaweza kusikiliza bongofleva popote Tanzania, hata ndani ya basi lililomleta. Kuona bendi kamili yenye tarumbeta, magita matatu na waimbaji wa safu ya mbele ni jambo jingine. Msondo Ngoma walianza mwaka 1964 wakiitwa NUTA Jazz, na Mlimani Park, yaani Sikinde, wakaja 1978. Mashabiki wao bado wanataniana hadi leo. Kumbi hubadilika, kwa hiyo siku ya Alhamisi au Ijumaa muulize mhudumu wa baa au msikilize tangazo la redio. Usiamini bango lililochanika ukutani.

Tangazo litasema saa tatu. Bendi itapasha vyombo mpaka saa nne, na muziki wenyewe utaanza saa tano. Laleni kidogo baada ya Coco. Kaeni mbali na spika, karibu na uwanja wa kuchezea. Mwimbaji akikugusa, unanyanyuka na kumtunza: noti mkononi au kwenye paji la uso, kwa mwendo wa kucheza, unarudi kukaa. Mwandalie mgeni noti mbili tatu za kutunza kabla hamjafika, la sivyo atatoa elfu kumi yake ya nauli.

Singeli nayo, ule muziki wa kasi? Kama mgeni ana umri chini ya miaka ishirini na mitano na magoti mazima, sawa, ila mtafute mwenyeji wa Manzese au Tandale awapeleke. Si kazi yangu tena.

Hatua ya 7: Kurudi

Iteni gari kwa programu ya simu mkiwa bado ndani ya ukumbi, si barabarani na simu mkononi. Hakikisha namba ya gari kabla ya kupanda. Bodaboda saa nane usiku hapana, hata kama ni jirani yenu na anaapa hajanywa. Mkipita pahali penye muuza supu ya pweza bado ana wateja, simameni, kikombe kimoja kimoja. Ila mgeni mwenye basi la alfajiri kule Mbezi apande gari moja kwa moja hadi nyumbani, begi liwe limefungwa tangu mchana.