Kusaka sayari na nyota geugeu kwenye M44 ukiwa na laptop tu

Kama una laptop na bando, anza na M44, lile kundi la nyota lililoko kwenye kundinyota la Kaa (Cancer), data zake za Kepler (darubini ya angani) ni za bure unazishusha kwa Lightkurve, programu ya lugha ya Python. Kwanza cheki Gaia (chombo cha angani kilichopima nyota), umbali na mwendo wa nyota yako, isije ikawa mpita njia tu sio ya kundi.

Chora grafu ya mwanga wa nyota kadiri muda unavyokwenda. Ukiona mawimbi ya siku kadhaa usirukeruke, mara nyingi ni madoa ya nyota inayojizungusha, M44 bado changa na imejaa hizo (zenyewe ni nyota geugeu, yaani mwanga wake hubadilikabadilika, ziandike pembeni). Lainisha mawimbi ndo utafute vishimo (mwanga kushuka kidogo sayari ikipita mbele ya nyota) vinavyojirudia kwa muda uleule, sayari saizi ya Jupita mbele ya nyota kama Jua inakula kama asilimia 1 tu ya mwanga. Kishimo kikubwa, kidogo, kikubwa tena? Hizo ni nyota mbili zinazofunikana kwa zamu.

Ukihamia TESS (darubini nyingine ya angani) kaa macho, pikseli yake ni pana, sekunde za tao 21 (kipimo cha pembe angani), nyota jirani zinaingia humohumo, utashangilia sayari kumbe anayefifia ni jirani.