Kona ya nne ya kiwanja: itafute kwa mteremko na mkato

Tuseme kiwanja cha mstatili pale Wiyoni, Lamu, kina bikoni (alama za kona za mpaka) tatu zinazoonekana na ya nne imefukiwa na mchanga. Kuirudisha kisheria ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni, ila hesabu hii itakuonyesha pa kufukua.

Hatua ya 1. Tandaza kamba mbili zinazokutana kwa pembe mraba kwenye kona ya kisima. Hapo ndipo (0, 0). Kamba moja ni mhimili wa x, nyingine mhimili wa y. Pima bikoni tatu kwa mita: A(6, 3), B(18, 7), D(3, 12). C, inayokabili A, haijulikani.

Hatua ya 2. Tafuta mteremko (tofauti ya y ikigawanywa kwa tofauti ya x) wa pande mbili zinazokutana A.

AB: (7 − 3)/(18 − 6) = 4/12 = 1/3
AD: (12 − 3)/(3 − 6) = 9/(−3) = −3

Kazi nyingi huharibikia hapa. Ukianza na D juu, anza na D chini pia. Anayeandika (12 − 3)/(6 − 3) hupata 3, na mstari wake huinamia upande usio wake. Zidisha miteremko miwili: 1/3 × (−3) = −1, basi pembe ya A ni mraba. Zao likitoka jingine, kipimo kimekosewa au kiwanja si mstatili, usiendelee.

Tena, iache 1/3 kama sehemu. Kikokotoo kitakushawishi uandike 0.33, na y ya C itapungua karibu sentimita 4. Ukikata hadi 0.3 itapungua sentimita 36, zaidi ya futi moja, na mahali ambapo nyumba zimebanana, futi moja ni kesi.

Mpaka ukiwa sambamba na mhimili wa y, kigawanyo ni sifuri na mteremko haupo. Andika x = 18, kwa mfano, na mkato (c, pale mstari unapokata mhimili wa y) usiutafute.

Hatua ya 3. Upande BC ni sambamba na AD, kwa hiyo mteremko wake, m, ni −3. Weka B katika y = mx + c: 7 = −54 + c, c = 61. Upande DC ni sambamba na AB, m = 1/3. Weka D: 12 = 1 + c, c = 11. Usisome c kwa jicho kwenye karatasi ya grafu. Mizani ya x ikianzia 10 badala ya 0, ukingo wa kushoto si mhimili wa y, na unachosoma pale si mkato.

Hatua ya 4. Kwenye C mistari hukutana:

x/3 + 11 = −3x + 61
x + 33 = −9x + 183
x = 15, y = 16

Hatua ya 5. Pima BD kwa tepu: itoke mita 15.81, kipeuo cha pili cha 250. Ikitimia, vuta mita 15.81 hizo hizo kutoka A kuelekea (15, 16), ufukue hapo.